Kala na Kalala: Jinsi Mchezo wa Maneno Uzaavyo Shairi

Wako vijana wengi katika Kalemie, na katika miji mingine iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, wanaotamani kutunga mashairi. Hununua daftari jipya, hukaa chini ya mwembe saa za alasiri, hushika kalamu na kungoja. Hungoja wazo kubwa liwajie, kama mtu angojavyo meli bandarini. Meli haiji. Jua lachwa, mbu waanza kuuma, na daftari lingali jeupe. Ndipo kijana asemapo, “Mimi sikujaliwa kipaji,” akalifunga daftari lake, na baada ya siku chache mdogo wake akalichukua kwa kufanyia hesabu.

Wako na wengine wasiofika hata kwenye daftari. Hao husema ya kuwa Kiswahili chao si safi. Ya kuwa ushairi ni mali ya watu wa pwani, wa Lamu na Mombasa na Unguja. Na ya kuwa mtu wa Kongo akitaka kutunga, yafaa atunge kwa Kifaransa au anyamaze. Maneno ya hawa wa pili yatuhuzunisha kuliko ya wale wa kwanza. Maana mtu aonaye haya kwa lugha ile ile anayombembelezea mtoto wake apate usingizi, amenyang'anywa kitu kikubwa, wala hajui ni nani aliyemnyang'anya.

Twapenda leo kusema nao wote kwa pamoja, kwa kuwa twaona dawa yao ni moja. Wasingoje wazo. Walishike neno, hata liwe dogo namna gani, walichezee.

Tusemapo kucheza hatusemi mzaha. Mtoto wa miaka mitatu hulirudia neno moja mara ishirini, mpaka maana yake yote imtoke na ibaki sauti tupu, naye hucheka peke yake. Ndugu zake wakubwa hutegeana vitendawili. Wazee hufumba maneno ili mgeni asijue yasemwayo. Watu hao wote wafanya kazi ya mshairi, ingawa hakuna aliyewaambia hivyo. Shule huja baadaye na kuwafundisha ya kuwa neno lina maana moja, iliyoandikwa mbele yake katika kamusi, na tangu siku hiyo wengi huacha kucheza.

Tuanze basi na neno lililo karibu. Wavuvi wa Kalemie huenda ziwani usiku na taa zao, kwa maana ndagala huvutwa na mwanga, hukusanyika chini yake, na wavu huwapandisha. Lakini mbalamwezi ikiwaka kila mahali taa haina nguvu tena, samaki hutawanyika, na wengi wa wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Sasa tulitazame neno mwezi. Mwezi ni ule wa mbinguni, tena mwezi ni ule wa kalenda. Karani na mwalimu hungoja mwisho wa mwezi wapate mshahara. Mvuvi hungoja mwisho wa mwezi apate giza.

Sentensi hiyo hatukuipata kwa kufikiri juu ya kazi wala juu ya umaskini. Tulilishika neno moja tu, tukaligeuza upande wa pili, na nyumba mbili za mtaa mmoja zikatokea, kila moja na hesabu yake ya siku. Mwenye kutaka kutunga shairi juu ya majirani hao amekwisha pata mlango wa kuingilia.

Au tulichukue neno ziwa lenyewe. Kila mtu wa Kalemie hulitaja mara kumi kwa siku bila kulisikia. Walakini katika Kiswahili ziwa ni maji haya makuu yaliyo mbele yetu, na ziwa ni titi la mama anyonyeshaye. Na maziwa ni mengi ya hayo yote mawili, tena ni kile kinywaji cheupe anachonywa mtoto. Sijui ni lugha ngapi zilizomweka mama na maji mahali pamoja namna hii, angalau kwa sauti. Watoto wetu wasomao Kifaransa wakumbuke ya kuwa huko nako neno la mama, mère, na neno la bahari, mer, yatamkwa sawasawa. Mtoto wa Kalemie ana bahati ya kuzijua lugha zote mbili, na kukutana na jambo hilo mara mbili kwa njia mbili.

Tulilichezea neno hilo siku kadhaa, na ubeti huu ukatoka:

Ziwa letu latulisha, hata siku za ukiwa,
Ndagala latuonjesha, kama mama na maziwa,
Likichafuka latisha, mtumbwi hupinduliwa,
Ziwa hili lanyonyesha, hilihili lahofiwa.

Hatusemi ya kuwa ubeti huu ni bora. Mtungaji hodari angeufuma vizuri zaidi. Twaonyesha tu njia iliyopitwa. Tulipoanza tulikuwa na ziwa na maziwa, na mioyo yetu ilikuwa imetulia, kwa kuwa maneno hayo ni ya amani. Lakini kina cha kati kilidai neno jingine lenye kuishia na -sha, nasi tulipokuwa tukihesabu lisha, onjesha, nyonyesha, likaja tisha. Hatukuliita. Lilipokuja tuliona ya kuwa ndilo la kweli kuliko yote, kwa maana nani katika Kalemie asiyejua mtu aliyechukuliwa na ziwa? Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipanda hata yakaingia katika nyumba za watu. Mama huyu anyonyeshaye ana hasira pia. Kina ndicho kilichotukumbusha.

Hapa yafaa tueleze kwa kifupi, kwa ajili ya wale wasiojua kanuni. Shairi la namna hii lina mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari una vipande viwili vya mizani nane nane, yaani silabi nane nane. Kipande cha kwanza kina kina chake, na cha pili kina chake. Hesabu kwa vidole: Zi-wa-le-tu-la-tu-li-sha. Nane. Sheria hizi ziliandikwa vizuri na mtu wa ng'ambo ya pili ya ziwa letu, Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954, na tangu hapo kimekuwa mwalimu wa watungaji wengi katika Afrika ya Mashariki. Baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya nchi yake, akafariki mwaka 1964 angali kijana. Twamtaja hasa kwa sababu ya Ujiji. Mtu akisimama ufukoni Kalemie, pwani ya Mombasa iko mbali sana. Lakini aliyewaandikia Waswahili wote sheria za ushairi alikunywa maji ya ziwa hili hili.

Wengi huziogopa sheria hizo. Hudhani ni minyororo ya kumfunga mtu asiseme lililo moyoni. Sisi twaona kinyume chake, nasi twataka kukaa hapa kidogo, kwa kuwa ndipo palipo kiini cha maneno yetu.

Mchezo wa herufi moja

Upo mchezo ambao ni mkali kuliko vina na mizani. Mtu hujiwekea sharti la kutunga maneno yasiyo na irabu nyingine yo yote ila a peke yake. Marufuku i, marufuku u, marufuku o na e. Kwa Kiswahili si mchezo rahisi, maana mara tu usemapo “mimi” umekwisha shindwa, na “sisi” vilevile, na “Mungu”, na “furaha”, na “upendo”. Maneno mazuri ambayo mtungaji mgeni huyakimbilia yote yamefungiwa nje. Yabaki maneno ya jikoni na ya njiani.

Tulijaribu. Kwa kuwa tulikuwa tukifikiri juu ya Kalemie, tulianza na ndagala, kwa sababu lina a tatu na halina kitu kingine. Ni nani avuaye ndagala? Baba. Lakini “kavua” lina u, likaletwa kasaka. Mama afanya nini? Kakaanga. Wako watoto wawili, kaka na dada. Kaka kala. Na dada je? Tulitaka kusema ya kuwa dada naye alishiba, lakini shiba lina i. Tulitaka kusema alikula pamoja na nduguye; haikuwezekana. Tulitaka kusema alifurahi, alicheka, aliimba, alishukuru. Milango yote ilifungwa. Palikuwa na neno moja karibu sana na kala, lililoongezwa silabi moja tu, nalo ni kalala. Na nyuma yake likasimama njaa. Tukaandika:

Baba kasaka ndagala, mama kakaanga, kaka kala, dada kalala na njaa.

Tuliutazama mstari huo kwa muda. Hakuna hata mmoja wetu aliyekusudia kuandika juu ya msichana aliyelala na njaa katika nyumba yenye samaki. Kama mtu angetuagiza, “Andikeni juu ya taabu ya wasichana,” tungaliandika mahubiri marefu, na msomaji angalisinzia. Herufi a ndiyo iliyomtoa msichana huyo mafichoni. Tena tulimtambua mara moja. Ni yule anayewapakulia wengine, ambaye sahani yake hufikiwa mwisho, na siku chakula kinapopungua hupungua kuanzia kwake. Tumemwona katika nyumba nyingi, hata katika nyumba za watu wema wanaosali.

Kisha tukasema, sasa tutie na mizani. “Baba kasaka ndagala” ni nane tayari; “dada kalala na njaa” ni nane pia, kana kwamba maneno yalikuwa yakitungoja. Ya katikati yalikuwa mafupi. Kakaanga lilipokataa kutosha, tukatafuta kazi nyingine ya mama, na kaka tukamrudishia kitendo chake mara tatu, maana ndivyo walavyo wavulana:

Baba kasaka ndagala, mama kawasha makaa,
Kaka kala, kala, kala, dada kalala na njaa.

Msomaji ausome kwa sauti. Asikie jinsi kala inavyorudi kama mkono unaorudi sahanini, na jinsi kalala inavyokuja nyuma yake. Tofauti ya ndugu hawa wawili ni silabi moja.

Hilo ndilo tunalotaka kusema juu ya kipaji. Mtu angojaye wazo chini ya mwembe hupata mawazo aliyo nayo tayari, yale yale ambayo kila mtu anayo: mama ni mwema, elimu ni taa, dunia ni njia. Lakini mtu ajifungaye kwa sharti la mchezo hulazimika kupita njia asiyoijua, na njiani hukutana na mambo aliyokuwa ameyaona kwa macho bila kuyatazama. Maneno ni wazee kuliko sisi. Yamekaa pamoja muda mrefu, yamefahamiana, nayo yajua siri nyingi za nyumba zetu.

Wala si Waswahili peke yao walioligundua jambo hili. Zaburi ya 119, ambayo katika hesabu ya zamani ya Kanisa ni ya 118, imetungwa kwa mchezo wa herufi: beti 22 kwa idadi ya herufi za Kiebrania, kila ubeti mistari minane, na mistari yote minane yaanza kwa herufi ya ubeti wake. Aliyeitunga hakuona ya kuwa mchezo wamkosesha Mungu heshima. Katika Paris mwaka 1960 waandishi na wanahesabu kadhaa, wakiongozwa na Raymond Queneau na François Le Lionnais, waliunda kikundi kiitwacho Oulipo ili kutunga kwa masharti ya namna hii. Mmoja wao, Georges Perec, alitoa mwaka 1969 riwaya nzima isiyo na herufi e hata moja, naye akaiita La Disparition, yaani kutoweka. Watu walistaajabia ufundi. Lakini Perec alikuwa yatima wa vita; baba yake alikufa askari mwaka 1940, na mama yake alichukuliwa kupelekwa Auschwitz mwaka 1943. Na herufi e kwa Kifaransa yakaribia sana kusikika kama eux, yaani “wao”. Basi wasomaji wengi wameona ya kuwa kitabu kisicho na e ni kitabu kisicho nao. Mwenye kusema mchezo ni upuuzi na atafakari hapo.

Jina la ziwa

Turudi nyumbani. Jina Tanganyika limechezewa na wengi. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, alilifasiri kwa neno la kukutana au kuchanganyika, kwamba hapa ndipo maji yanapokutana. Henry Stanley alikuja na fasiri nyingine, ya maji yaliyotandaa kama uwanda. Nani aliyepata? Hayo tuwaachie wataalamu. Mtungaji ana ruhusa ambayo mtaalamu hana: aweza kulikata jina mahali popote na kusikiliza linavyolia.

Akilikata katikati apata tanga na nyika. Tanga ni lile la chombo, lishikalo upepo. Kutanga ni kwenda huku na huko bila makao. Nyika ni nchi tupu isiyo na nyumba. Na mbele kidogo, kwa kubadili sauti ya kwanza tu, yuko changanyika. Sasa mtu wa mkoa huu akumbuke miaka ya 2016 na 2017, mapigano baina ya Waluba na Watwa yalipowafukuza watu wengi sana katika vijiji vyao, na kambi zikaota pande zote za Kalemie. Watu walitanga nyikani, wakaja kuchanganyika kando ya Tanganyika. Sentensi hiyo yote imo ndani ya jina la ziwa. Hatukuongeza kitu ila viungo.

Twajua ya kuwa wengine watachukizwa, waseme haifai kuchezea maneno juu ya msiba wa watu. Tungekubali, kama mchezo ungekuwa wa kuchekesha. Lakini wazee wetu katika matanga (na tazameni, hata hilo ni tanga jingine!) walichezea jina la marehemu katika kumlilia, na hakuna aliyedhani wanamdhihaki. Tena katika Katanga Waluba walikuwa na lukasa, ubao uliotiwa shanga na simbi, ambao watu wa chama cha Mbudye waliugusa kwa kidole wakisimulia habari za wafalme. Kidole kilipogusa ushanga, neno lilikuja. Na ushanga ule ule mbele ya watu wengine, siku nyingine, uliweza kuleta neno jingine. Kucheza na kukumbuka havikuwa mbalimbali.

Juu ya Kiswahili “kibovu”

Sasa twaja kwa wale wanaoona haya. Kiswahili hakikufika Kalemie jana. Tangu karne ya 19 misafara ya wafanya biashara ilikuwa ikivuka ziwa kutoka Ujiji na kushukia Mtowa, karibu na mji huu. Ilileta lugha, na pamoja nayo ilileta utumwa na machozi. Mapadri Weupe walipoipokea Mpala mwaka 1885, walifundisha kwa Kiswahili. Reli kutoka Kabalo ilipofika mwaka 1915, wakati mji ukiitwa Albertville, iliwaleta wafanya kazi wa makabila mengi, nao walihitaji lugha ya kuelewana. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Lugha iliyokaa hivyo, ikafanya kazi hizo zote, haiwezi kurudi ilivyotoka. Imeokota njiani, imepoteza njiani.

Mtu wa pwani asema dagaa, wa Kalemie asema ndagala. Mtu wa pwani asema barua, wa Kongo asema mukanda. Mtu wa pwani asema makaa, na katika nchi yote ya Katanga ya zamani watu husema makala. Mwalimu mkali atasema hayo ni makosa. Mtungaji na afurahi! Kwa maana mkanda kwa Kiswahili cha vitabuni ni ule wa kufunga kiunoni, nao mukanda wa Kongo ni ule wa kuwafunga pamoja mama aliye Kalemie na mwana aliye Lubumbashi. Na makala ya vitabuni ni maandishi kama haya mnayoyasoma, ambayo pengine yafaa zaidi kuwashia moto. Turudie na shairi letu la msichana. Mwenye kujua makaa peke yake ana kina cha -aa, kinachopatana na njaa. Mwenye kujua makala peke yake ana kina cha -la, kinachopatana na ndagala na kala. Mtu wa Kalemie ana vyote viwili katika kinywa kimoja. Ni nani basi aliye maskini wa lugha?

Hatusemi ya kuwa Kiswahili sanifu kisisomwe. Kisomwe, tena kwa bidii, kwa kuwa ndicho kiwafikishacho watu Kigoma na Nairobi na vitabuni. Lakini kijifunzwe kama mtu aongezavyo chumba katika nyumba, si kama abomoaye nyumba ya baba yake. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Ugogo karibu na Dodoma, hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Mgogo na Mkatoliki, na Kiswahili alijifunza baada ya Kigogo. Hata hivyo alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu, uliotoka mwaka 1963, naye ndiye aliyeikuza ngonjera, mashairi ya kujibizana jukwaani, hata ikaenea katika shule za Tanzania. Chama cha washairi alichokitumikia kiliitwa Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na herufi zilizochaguliwa kutoka jina hilo refu zafanya neno UKUTA. Hata walipokuwa wakiandika katiba ya chama, watu hao walikuwa wakicheza.

Na wa pwani wenyewe? Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, husifiwa mpaka leo kwa neno moja kubeba maana mbili na tatu katika beti zake. Alipofumba, alifumba kwa sababu mji wake ulikuwa katika mabishano ya utawala, na si kila neno liliweza kusemwa wazi. Fumbo lilikuwa ngao yake.

Lipo lakini jambo moja la kuonya, nalo tulione wazi. Mchezo waweza kumteka mchezaji. Tumesoma mashairi mengi ambayo vina vyake ni kamili, mizani imetimia, na ndani hamna mtu. Mtungaji amehesabu tu. Ametia neno kwa sababu laishia na -ni, akatia jingine kwa sababu lina silabi nne. Jinsi ya kupambanua ni rahisi: baada ya kuandika, msomee mtu asiyejali ushairi, mama aliye jikoni kwa mfano, au mvuvi atengenezaye injini yake. Akisema, “Umeweza sana maneno,” rudi ukaanze tena. Akinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Huyo dada ni nani?”, usibadili kitu.

Kwa jamaa zenye watoto twashauri mchezo uanze jioni baada ya chakula, wakati umeme umekatika na hakuna la kutazama. Baba aseme neno moja, paa kwa mfano. Mtoto wa kwanza atoe maana moja: paa la nyumba. Wa pili: paa, yule mnyama wa porini. Wa tatu: kupaa, kwenda juu. Mama, ambaye ndiye ajuaye, ataongeza: kupaa samaki, kumwondoa magamba. Kisha wote wajaribu kuziweka maana mbili katika sentensi moja ambayo ni ya kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana uongo ni rahisi. Wenye haya hupata sauti katika mchezo huu kuliko darasani, kwa sababu hakuna jibu moja ambalo mwalimu amelificha mezani. Na yule msichana, apewe zamu yake ya kusema kama wengine. Zaidi ya hayo, atazamwe kama amekula.

Mistari yetu miwili bado si ubeti. Imebaki miwili mingine, yenye kuishia na -la katikati na -aa mwishoni, na irabu ni a peke yake. Tumekusanya maneno yafaayo, nasi twayaacha hapa kwa mwenye kutaka kuendelea: taa, saa, balaa, mahala, kamba, haraka, mama, maana, jamaa, karaha, baraka. Kwa ajili ya dada tumeona vitendo viwili vyenye mizani minne minne: kashangaa na kakataa. Yote mawili yakubali sheria. Mtungaji atachagua mwenyewe.